Pua ya Gari Lisilo na Injini

Kibwezi, jioni ya kuamkia safari yako

Syombua mwanangu,

Wanawake wa kanisa wamekuita wakuombee, na mimi nayajua maombi yao, hayaishi upesi. Kwa hiyo nina saa mbili, labda tatu. Nimekaa kwenye benchi nje ya jikoni na lile daftari ulilobakiza kurasa. Mkoba wako uko mlangoni. Nimeangalia zipu yake mara mbili, ingawa najua umeifunga vizuri kuliko ningeifunga mimi. Sitakuandikia ule nini, wala uvae nini kwa baridi ya Nakuru, wala usimame wapi ukingoja basi la pili pale Nairobi. Hayo unayajua. Usiyoyajua utajifunza huko huko.

Nina mambo mawili tu. La kwanza ni swali uliloniuliza pale gereji, la gari la Mwalimu Wanjiru, nikakujibu vibaya. La pili ni jambo nililokufanyia mwaka jana, na wewe hulijui. Nimejaribu kulisema kwa mdomo tangu Jumapili. Jana ulipokuwa ukichambua ndengu nilifika mpaka mlangoni, ukaniuliza, "Baba, unataka nini?" Nikasema nataka chumvi. Ukanipa chumvi. Nikatoka nje nayo mkononi, nisijue ya nini.

Nianze na swali, maana bila hilo la pili sitaliweza.

Unakumbuka gari lilivyoletwa. Lilikuwa dogo, la umeme tupu, lilitoka Japani likiwa limeshatumika, na katika mji huu mzima hatukuwa tumewahi kugusa hata moja kama hilo. Mwalimu Wanjiru alikuwa amegonga nyuma ya lori lililoharibikia njiani upande wa Makindu, limesimama bila hata tawi la kuonya watu. Pua ya gari ilikuwa imekunjamana yote mpaka karibu na kioo. Nilipoiona nikashika kichwa. Halafu mlango wa gari la kuvuta ukafunguka, akashuka Mwalimu mwenyewe, mkono mmoja umefungwa kitambaa shingoni, na neno lake la kwanza likawa, "Mna chai hapa?"

Muthama alikuwa akipaka rangi mlango wa pikapu. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sijamwona akiacha nafasi ya kumchokoza mtu.

"Mwalimu," akasema, "hii gari yako tukifungua boneti tutakuta nini, redio?"

"Utakuta akili, Muthama. Kitu hujawahi kukuta kwa boneti yoyote."

"Basi ndiyo maana imegonga lori. Akili mingi."

Wewe hukucheka. Ulikuwa na yule fundi wa umeme aliyetoka Nairobi, mnazima ile betri kubwa ya chini ya sakafu, na alikuwa akikuuliza maswali ya mtihani nawe ukimjibu. Nilikuona. Nilijifanya natafuta nyundo.

Tulipoambiwa sasa ni salama, nikaiinua boneti kwa mtaimbo. Mimi, mwanangu, magari nimeyajua kwa pua yangu. Nikifungua boneti harufu ya oili hunipiga kwanza, kisha mpira ulioungua, kisha vumbi la Kibwezi lililoiva kwa joto. Siku ile sikusikia harufu ya kitu. Kulikuwa na maboksi ya rangi ya fedha, nyaya nene za rangi ya chungwa, na chini yake mota isiyozidi mtungi wa maji. Na kati ya hivyo vyote, nafasi. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nisiguse chochote. Nikasema, "Kuna kitu kimeibiwa hapa." Muthama akacheka mpaka akakalia mkebe wa rangi ulio wazi.

Ndipo ukaniuliza. "Baba, kama injini haipo, kwa nini bado lina pua? Si wangeikata tu, watu wakae mbele kabisa? Si wangelifanya hata kama sanduku?"

Nikasema, "Kwa sababu gari ni gari. Leta spana."

Ukaleta. Namba kumi na mbili, ile ile niliyohitaji, na sikuwa nimekutajia namba. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi ya swali lenyewe.

Nimeinuka kidogo kuangalia lango. Si wewe, ni mbuzi wa jirani anajikuna.

Kosa langu na gari lile unalijua, lakini hujui nililolijifunza, kwa hiyo nivumilie nilisimulie kama vile hukuwepo. Nilinyoosha bati wiki nzima. Nikafika kwenye uso, pale ambapo magari mengine yana wavu wa kuingiza hewa kwenye rejeta. Gari lile halikuwa na wavu. Lilikuwa na kipande cha plastiki kilichofunikwa kote, laini kama sahani, na upenyo mwembamba chini kabisa. Nikajisemea, huyu Mwalimu alidanganywa, amewekewa kipande cha bei rahisi. Na kwa joto letu hili, gari lisipopumua si litakufa?

Ukaniambia, "Baba, usitoboe. Hii haipumui hapo."

Nikakujibu, "Kila gari hupumua."

Nikatoboa. Nikakata kwa msumeno, safu tatu za matundu, nikachomekea wavu wa chuma niliokuwa nimeutoa kwenye gari la zamani, nikauzungushia puti ya kuzibia nyufa na rangi nyeusi. Nilijivunia kazi ile. Nilisimama mbali nikaitazama, nikaona sasa gari limepata uso wa gari. Mwalimu alilipia matengenezo akashukuru, maana na yeye aliona hivyo hivyo. Alisema, "Sasa linafanana na magari ya wenzangu."

Baada ya mvua za kwanza akarudi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema, "Fundi, gari langu linapiga mluzi barabarani kama mchunga ng'ombe. Na betri inashuka kabla sijarudi nyumbani." Tukafungua boneti. Tope jekundu lilikuwa limeingia kote, juu ya maboksi, kwenye viungo vya nyaya, kwenye kile kipoza hewa kidogo kilicho chini. Wewe ukalisafisha kwa brashi ya meno, kipande kwa kipande, siku nzima, huku Muthama akiwatangazia wateja: "Njooni muone! Fundi wetu ametoboa pua gari lisilo na mapafu!"

Siku ile nilikuchukia kidogo, Syombua. Si kwa sababu ulikuwa sahihi. Ni kwa sababu hukusema "nilikuambia". Mama yako naye alikuwa hivyo, alikuwa akinyamaza mpaka mtu ajione mwenye kosa.

Tulipolitengeneza upya, niliyaziba yale matundu kwa mikono yangu, nikapalainisha mpaka msasa ukaisha. Na kuanzia hapo swali lako likaanza kunitembelea. Nimelifikiria nikiwa nimelala chini ya magari, nimelifikiria kanisani wakati wa mahubiri, Mungu anisamehe. Nikamuuliza Mwalimu, nikakuuliza wewe kwa kuzungukazunguka usijue nataka jibu. Sasa naona jibu si moja.

Kuna upepo. Ulinionyesha kwenye simu, moshi mweupe ukipita juu ya gari. Upepo haujui kama ndani kuna injini au hakuna. Unataka njia laini ya kupita, ndiyo hiyo tu, na gari la umeme linauogopa upepo kuliko gari la petroli kwa sababu betri yake ikiisha hakuna mtu wa kukuletea umeme kwenye galoni. Kuna sisi watu wenyewe. Miguu yetu bado inakunjika kwenye magoti, vichwa vyetu viko juu, tunataka kutazama mbele na mtoto akae nyuma. Injini ilitoka, lakini abiria hakutoka. Kuna viwanda. Mimi nikitaka kubadilisha umbo la mlango nabadilisha nyundo, lakini wao wana mitambo mikubwa ya kukandamiza bati, iliyoundwa kwa umbo moja, na hakuna anayeitupa kwa sababu tu wazo jipya limefika asubuhi.

Na kuna woga. Hili sikuhitaji kuambiwa na mtu. Muthama alisema kweli siku ile, ingawa alikuwa akitania: "Hii kitu ikikuja na umbo la yai, nani atapanda? Hata mimi nitaifuata na mawe." Mtu akiletewa kitu kigeni anataka angalau uso wake auzoee. Ndiyo maana Mwalimu aliufurahia wavu wangu usio na kazi.

Nikamkumbuka mama yako na jiko la gesi.

Ulikuwa darasa la tano. Tulinunua lile jiko la mioto miwili na mtungi wake, nikalitengenezea meza ya bati iliyosimama sawasawa na kiuno chake. Niliporudi jioni nikalikuta nje, kwenye jiko la zamani, limewekwa chini, katikati ya mafiga matatu. Na yeye ameinama, anakoroga. Moto wa gesi hauna moshi, lakini macho alikuwa ameyafumba nusu, vile vile kama wa kuni. Nikamwambia, "Mutindi, meza niliyokuundia ni ya nini?" Akanijibu bila kugeuka, "Ya kuweka redio. Mgongo wangu unajua kupika ukiwa hivi." Alichukua miezi minne kusimama wima. Siku aliposimama alishika kiuno akasema, "Kumbe nilikuwa naumia." Tulicheka sana. Wewe ulikuwa hapo, umeshika sufuria.

Sasa nimefika mahali nilipokuwa nikipaogopa. Nimeweka maji motoni, nimerudi.

Wewe una jina la mama yangu, na tangu ukiwa mdogo kama mkate nimekuita mwaitu, yaani mama yangu, kama baba yeyote wa Ukambani anavyomwita binti mwenye jina la nyanya yake. Kwetu mtoto anazaliwa akiwa tayari na umbo la mtu mwingine. Sioni ubaya. Nilipokuwa nakuita hivyo nilikuwa napata kumsalimu mama yangu kila siku. Lakini mama yako alipofariki, miaka miwili iliyopita, sikutosheka na jina.

Hakuna kitu nilichokisogeza ndani ya nyumba hii. Kiti chake kiliendelea kutazama mlango. Kikombe chake chenye jogoo mwekundu kilibaki kwenye msumari wake. Wiki ya kwanza baada ya maziko, wageni wakiwa wameondoka, niliamka nikakuta chai mezani. Ulikuwa umeamka saa kumi na moja, umetia tangawizi kama yake, umegonga kifuniko cha chupa mara mbili kama alivyokuwa akigonga ili kishike. Nilipaswa kusema, Syombua, wewe pia umefiwa, rudi ulale. Unajua nilichosema. Nilisema, "Ongeza sukari kidogo. Mama yako alikuwa akiongeza."

Ukaongeza. Na ukaamka saa kumi na moja kila siku mpaka leo asubuhi.

Kisha nikakuambia ukae kwenye kiti chake, kwa sababu sikuweza kukiona kikiwa kitupu. Kisha ikaja ile sare yake ya kwaya. Mwenye kwaya hakukuomba, mimi ndiye niliyemwendea, nikamwambia binti yangu ana sauti kama ya mama yake, mpeni nafasi ile ile safu ya pili. Huna sauti kama ya mama yako. Yake ilikuwa nene na wewe yako ni nyembamba, na kila Jumapili nilikuona ukiishusha kwa nguvu mpaka mshipa wa shingo unasimama. Sare ilikuzidi mabega. Fundi cherehani alitaka kuikata, nikamkataza. Nikasema atajaza.

Utajaza nini, mwanangu? Ulikuwa na miaka ishirini na moja.

Watu walinisifu. Walisema, "Una bahati, nyumba yako haijabadilika." Na kweli kwa mtu apitaye nje haikubadilika, uso ulikuwa ule ule. Ndani nilikuwa nimetoboa mtoto ili nyumba ionekane inapumua.

Basi sikiliza. Mwaka jana ulipotuma maombi yako ya kwanza kule kiwandani Nakuru, wanakounganisha magari, kioo cha simu yako kilikuwa kimevunjika, ukaandika namba yangu. Ulisubiri. Ulikuwa ukiniuliza jioni, "Hawajapiga?" nami nasema bado. Ulisubiri mpaka ukaacha kuuliza. Siku moja ukasema, ukiwa umenipa mgongo, unaosha vikombe, "Labda hawakupenda alama zangu. Labda hawakutaka msichana." Nikasema, "Mungu ana mpango wake."

Walipiga, Syombua.

Walipiga wiki ya pili tu. Ilikuwa saa nne asubuhi, nilikuwa chini ya lori, nikajifuta mkono mmoja nikapokea. Mama mmoja mwenye sauti ya upole akasema, "Tunamtafuta Syombua. Amechaguliwa, tungependa aanze mwezi ujao." Nikasikia neno lile, amechaguliwa, na kitu cha kwanza nilichokiona machoni si wewe. Nilikiona kile kiti kikiwa kitupu tena. Nikasema, "Ameshapata kazi mahali pengine." Akasema, "Oh, pole, basi mpe hongera." Nikasema nitampa. Nikarudi chini ya lori. Hata yule mwanamke asiyekujua alikutumia hongera, nami sikuzifikisha.

Sikupanga. Lakini siwezi kusema ulimi uliteleza, kwa sababu nilikuwa na jioni nyingi za kusahihisha na sikusahihisha hata moja. Na kusema Mungu ana mpango, hilo ndilo linaloniamsha. Niliuchukua uongo wangu nikaupaka rangi ya Mungu, na mimi rangi naijua, najua inavyoficha puti.

Mwaka huu ukaomba tena, ukaandika namba yako mwenyewe. Sijui kama ulishuku. Sijawahi kuwa na ujasiri wa kuuliza.

Nimesimama nimezunguka nyumba. Maji yamechemka yakapungua nusu, nimeongeza mengine. Jua limeshuka upande wa vilima vya Chyulu, nasikia bado wanaimba kule kanisani, kwa hiyo nina muda, na ningependa nisiwe nao.

Kuna sababu moja sijakutajia, ya pua. Niliiacha mwisho kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike. Mwalimu Wanjiru ndiye aliyenieleza, siku alipokuja kuchukua gari mara ya pili. Nilimuuliza kama alishawahi kujiuliza kwa nini pale mbele pana nafasi tupu. Akaugusa ule mkono wake, ambao ulikuwa umepona.

Akasema, "Fundi, mimi ile nafasi naishukuru kila asubuhi. Lori lingenifikia kifuani."

"Lakini haina kitu."

"Ndiyo kazi yake. Ikiwa na kitu kigumu, kitakusukuma wewe. Imewekwa ikunjwe, mtu asikunjwe."

Nimenyoosha pua za magari maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri hivyo. Mimi kila bati lililokunjika nililiona ni uharibifu. Kumbe kule kukunjika ni bati likifanya kazi yake ya mwisho. Na injini ilipotoka, waundaji hawakuikata pua wala hawakutafuta kitu cha kuijaza ili isionekane tupu. Waliiacha, wakijua ina kazi.

Mimi niliogopa nafasi ya mama yako. Nilikuchukua wewe, ukiwa mzima, ukiwa na sauti yako nyembamba na kichwa chako kinachojua nyaya, nikakusukuma ndani ya nafasi ile ili isiwe tupu. Na ajali yote ya kifo chake ikakugonga wewe kabla ya kunifikia mimi. Ndiyo maana watu wanasema nimekaza roho vizuri. Sikukaza. Ulikunjika wewe.

Leo nimeiona ile sare. Umeifua, umeipiga pasi, umeitundika kwenye msumari wa mlango wa chumba chako, hukuitia mkobani. Umefanya vizuri. Nimeikunja nikairudisha kwenye sanduku la mama yako, pamoja na vitambaa vyake vya kichwa. Mwenye kwaya akiniuliza nitamwambia safu ya pili ina nafasi, na iachwe ilivyo mpaka aje mtu mwenye sauti yake.

Nilifikiri nikufichie barua hii chini ya nguo zako, uikute Nakuru ukiwa mbali. Nimeona huo ni woga ule ule wa chini ya lori. Nitakupa mkononi leo ukiingia, kabla ya chakula. Ukikasirika, kasirika hapa, mahali ambapo kuna mtu wa kukasirikiwa. Ukitaka kwenda kulala kwa shangazi yako Mumbua nitakusindikiza na tochi mpaka langoni kwake, sitaingia. Ukitaka kesho nisije stendi, nitabaki. Sikuombi unijibu. Hata usiponisamehe mwaka huu nitaelewa, maana mimi nilikungojesha mwaka mzima.

Huko uendako utakutana na vijana wanaotaka kukata kila kitu cha zamani kwa sababu ni cha zamani, na utakutana na wazee kama mimi, wanaotoboa matundu kwa mazoea. Sijui nani atakusumbua zaidi. Wewe una tabia ya kuuliza kila kipande kinafanya kazi gani leo. Mimi nilikunyamazisha kwa spana, na bado hukuiacha tabia hiyo, kwa hiyo sidhani kuna mtu atakayeiweza. Uliza mpaka wachoke.

Na kitu kimoja nakuomba ukichukue hata kama barua yenyewe utaichana. Usiingie kwenye lango la kiwanda kile kama mtu aliyekataliwa mara ya kwanza akabembeleza mara ya pili. Hawakukukataa. Walizipenda alama zako, walimtaka msichana, na msichana alikuwa wewe. Walikuchagua mara mbili. Yule mama wa simu akiwa bado yuko, mwambie kwamba baba yako alimdanganya, na kwamba zile hongera zimefika, zimechelewa.

Wameacha kuimba. Utakuwa njiani.

Kiti nimekiacha kikitazama mlango, na leo wakati wa chakula kaa popote upendapo, kile kitabaki kitupu. Nitakizoea. Jina lako sitaacha kuliita, mwaitu, hilo ni lako kabla ya haya yote, lakini ukiona afadhali nikuite Syombua tu, nitajifunza.

Basi linaondoka saa moja. Usiamke saa kumi na moja. Lala mpaka nikugongee. Chai nitapika mimi. Nimejaribu sasa hivi, ndiyo maana maji yalikuwa motoni, na nimeionja. Tangawizi imezidi, na sukari sijui mnaipimaje. Itabidi uinywe hivyo hivyo, kwenye kikombe chako.

Baba yako